Kasha Kando ya Madhabahu

Tafakari ya juma. Somo: 2 Wafalme 12:4–16



Yoashi alitawazwa kuwa mfalme akiwa mtoto wa miaka 7, na aliyemlea na kumwongoza alikuwa kuhani Yehoyada. Nyumba ya Bwana aliyoijenga Sulemani ilikwisha pita umri wa miaka 100 wakati huo. Ilikuwa imechakaa, na kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinaongeza kwamba wana wa Athalia waliivunja na kuvitoa vitu vyake vitakatifu kwa Mabaali. Yoashi alipokua akatoa agizo: fedha zinazoletwa hekaluni zipokewe na makuhani, kila mmoja kutoka kwa watu anaowajua, na kwa fedha hizo wazibe kila bomoko watakaloliona. Agizo likasikika, fedha zikaletwa. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yakawa bado yapo.

Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Kama wangeiba, nadhani tungeambiwa, maana kitabu hiki hakiwafichi wenye makosa. Ninavyolielewa mimi jambo hili, fedha ziliingia katika mfuko mmoja na mahitaji mengine yote, na mahitaji ya leo yakawa kila siku yanalitangulia bomoko la ukutani. Ufa hauna sauti. Mgonjwa atabisha mlango, mwalimu atadai mshahara wake, ugeni wa askofu utatangazwa na tarehe yake, lakini ufa utangoja hadi siku ukuta utakapolala chini.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya makanisa yetu ya kale yaliyoko mashambani, yale ambayo sheria ya nchi inayatambua kama urithi wa taifa na ambayo sisi waumini bado tunayaita kanisa letu. Nayafikiria mengi, lakini nataka tukae Rabai, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine ninapopajua.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras unaiacha barabara kuu na kushika ile ya kwenda Kaloleni. Si mbali, ni kilomita 20 na kitu tu kutoka mjini. Pale Rabai pana Kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa 1887, na hadi leo Jumapili ikifika watu huingia wakasali. Jirani yake zipo nyumba zinazotajwa kuwa za wamishonari Krapf na Rebmann, na makumbusho yenye jina la Krapf ambayo yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya tangu 1994. Nyuma ya hayo yote, juu ya vilima, iko misitu mitakatifu ya Warabai iitwayo kaya.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 pamoja na mkewe Rosine. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amemzika Rosine na mtoto wao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Johannes Rebmann alipomfuata 1846, wazee wa Rabai waliwakubalia wakae kwao, na mwezi wa Agosti mwaka huo wakahamia, wote wawili wakiwa na homa. Hapo ndipo Rebmann alipoanzia safari iliyomfikisha mwaka 1848 mahali pa kuiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo mabingwa wa jiografia huko Ulaya waliikataa kwa miaka mingi. Krapf aliondoka katika miaka ya 1850. Rebmann akabaki. Alibaki karibu miaka 30, akamzika mkewe Emma 1866, macho yake yakafifia mpaka akapofuka, na waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wachache mno. Mmoja wa wa kwanza kabisa kuipokea imani katika kazi ile alikuwa Mringe, kiwete, aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Watu wengi wanaotembelea Rabai huishia hapo. Watoto wa shule wanayakariri majina hayo mawili, Krapf na Rebmann, wanayaandika katika mtihani, wanarudi nyumbani. Sisemi wasiyajue. Lakini kanisa tunalolizungumzia lilijengwa miaka zaidi ya 10 baada ya Rebmann kuondoka, na waliolijaza walikuwa watu wengine.

Mnamo 1864 walianza kufika pwani Waafrika waliokombolewa utumwani baharini na kulelewa India, katika kituo cha Nasik. Walikuwa wamesomeshwa na kufundishwa ufundi. Mmoja wao aliitwa William Jones. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mchungaji wa kundi la Rabai kwa matendo, kisha 1885 Askofu James Hannington akamweka wakfu kuwa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Hannington aliondoka kwenda Buganda na Jones akiwa msaidizi wake. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Mwanzoni mwa 1886 Jones aliwarudisha Rabai wapagazi waliosalia, na mbele ya msafara ilitangulia bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Mnajua lilikotoka. Ni jina ambalo mke wa Finehasi alimpa mwanawe siku sanduku la Mungu lilipotekwa, kuwa utukufu umeondoka katika Israeli.

Mwaka uliofuata, kanisa lile likasimama. Nikiiweka miaka hiyo miwili pamoja, 1886 na 1887, naona kwamba watu wale hawakujenga kwa sababu mambo yalikuwa yamewanyokea.

Na halikupita muda mrefu kabla kuta zile hazijajaribiwa. Rabai ilikuwa kimbilio la watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya mabwana zao huko pwani. Sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali, na mabwana waliwadai. Misheni ilikuwa katika mvutano mkubwa, maana kuwapokea kulileta ghasia na kuwarudisha kulikuwa dhambi. Mwishowe George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana na wenye watumwa walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Waliolipwa walikuwa mabwana, si waliofanyishwa kazi bure. Hilo nalo tulikumbuke bila kulipamba. Hata hivyo, kanisa lililokuwa na miaka miwili tu tangu kujengwa liliuona mwaka mpya ambao watu zaidi ya elfu moja waliamka si mali ya mtu.

Ndiyo sababu ninasema kwamba jengo kama hili si mapambo ya parokia. Ni shahidi. Likianguka, wapo watu ambao habari zao zimebaki mahali pachache sana duniani, na mahali pamojawapo pamepotea.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha bila idhini ni kosa. Nimesikia waumini katika parokia mbalimbali wakizungumza juu ya jambo hili kwa namna mbili. Wengine husema kwa uchungu kwamba serikali imewanyang'anya kanisa, hata dirisha hawawezi kulitoboa. Wengine husema kwa raha kwamba sasa kanisa ni la makumbusho, basi makumbusho watengeneze. Misemo hii inapingana, lakini paa linavuja kwa misemo yote miwili. Tangazo la gazeti la serikali linamzuia mtu asivunje. Halipandi ngazi kwenda kutoa majani yaliyoziba mfereji wa maji.

Tena tuna majirani wa kutufundisha. Kaya za Rabai zimo miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2008. Serikali ilianza kuzitangaza kaya za pwani kuwa kumbukumbu za kitaifa mwaka 1992. Lakini kabla ya serikali yoyote kuandika neno, wazee walikuwa wamezitunza kwa miiko: hakati mtu mti, hachungi mtu mifugo, haiachi mtu njia iliyowekwa. Hakukuwa na ua wa chuma wala askari. Wako Wakristo wanaozibeza kaya, na mimi siungani nao. Ibada yangu si ya kaya, lakini nauheshimu uaminifu wa wazee hao kwa kile walichokabidhiwa, na natamani wazee wa kanisa wangekuwa nao nusu yake kwa jengo walilokabidhiwa wao. Tusisahau pia kwamba ni wazee wa Rabai waliokubali wageni wawili wenye homa wakae kwao. Bila ukarimu huo pasingekuwa na kanisa la kuzungumziwa hapa.

Sasa niseme juu ya saruji, kwa sababu mapenzi bila maarifa yameharibu makanisa mengi kuliko uzembe.

Katika kanisa moja la kale la pwani, ambalo sitalitaja, waumini walichangishana kwa moyo safi kabisa. Wakamwita fundi, naye akazipiga kuta plasta ya saruji ndani na nje, kisha juu yake rangi ya mafuta inayong'aa. Siku ya shukrani kila mtu alifurahi. Masika mbili baadaye nilisimama karibu na ukuta wa upande wa kusi nikaona rangi imefura malengelenge. Nikaugusa, pande la plasta lenye upana wa sahani likabaki mkononi mwangu, zito na gumu. Nyuma yake jiwe la matumbawe lililokaa pale zaidi ya karne lilikuwa limelowa, na chokaa iliyoshika mawe ilikuwa laini kama ugali mbichi. Nilipoipitisha kucha, ikamwagika sakafuni.

Mafundi wa zamani wangejua mara moja kilichotokea. Kuta za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji, ikaachwa itulie, kisha ikachanganywa na mchanga. Jiwe hilo hunywa maji, ardhini na hewani, na chokaa huyaachia yatoke tena jua likiwaka. Ukuta unapumua. Ukiuvika saruji unauziba pumzi. Maji yanapanda kutoka chini na kuingia kwenye nyufa za juu, hayana pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, na plasta ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Kwa nje ukuta ulionekana mpya miaka yote hiyo ulipokuwa ukioza. Ujuzi wa chokaa haujafa. Lamu, mji ulioingia katika orodha ya UNESCO 2001, bado una mafundi wanaoujua, na maofisa wa makumbusho wanajua pa kuwapata. Gharama yake haina tofauti ya kutisha. Tofauti kubwa ni subira, kwa kuwa chokaa haikauki kwa haraka ya sherehe.

Katika kanisa hilohilo walitandika pia vigae. Chini ya vigae, wazee waliniambia, lipo bamba la jiwe lenye jina la mtu. Hakuna aliyelikumbuka jina lenyewe.

Turudi kwa Yehoyada. Mfalme alipoona miaka imepita, hakuishia kuwauliza makuhani. Alibadilisha utaratibu. Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume mtu aingiapo nyumbani mwa Bwana. Fedha za mabomoko zikawa na mahali pake, mbele ya macho ya kila aliyeingia. Kasha likijaa, anakuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja. Wawili, kutoka nyumba mbili tofauti. Kisha fedha zinakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wachonga mawe, na kununua mbao na mawe ya kuchonga. Mwandishi anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi huliruka: kwa fedha hizo havikutengenezwa vikombe vya fedha, wala makasi ya taa, wala mabakuli, wala tarumbeta.

Hapo ndipo penye ugumu wa somo lenyewe. Vikombe na tarumbeta havikuwa vitu vibaya. Vilihitajika katika ibada, vilikuwa vizuri kutazamwa, na aliyevitoa angetajwa. Katika parokia zetu vinaitwa spika, kinanda, viti vya plastiki, jukwaa jipya. Navipenda. Lakini kama fedha za paa zilitolewa kwa ajili ya paa, kununua spika kwa fedha hizo ni kuvunja ahadi, hata kama kwaya itaimba vizuri zaidi Jumapili ijayo. Na mimi ninaamini kwamba waumini huacha kutoa si kwa umaskini wao bali kwa kuchoka kuona walichotolea hakionekani.

Yako mengine yaliyotokea baadaye katika hekalu hilohilo. Siku za mfalme Yosia fedha zilikusanywa tena, mafundi wakaitwa tena, na katikati ya kazi ile kuhani Hilkia akakipata kitabu cha torati. Hawakuwa wakikitafuta. Walikuwa wakitengeneza jengo. Mara nyingi nimeona jambo la namna hiyo, kwa kadiri yake: mtu anasafisha kabati la vestri lililoliwa na mchwa, anakuta daftari la ubatizo, na ndani yake mna babu wa mtu aliyesimama pale na ufagio. Parokia inayofanya matengenezo inapata kujijua.

Najua mtu atauliza juu ya maskini. Ni swali la haki na ninalichukua kwa uzito. Sehemu za bara za Kilifi hupata ukame, na kuna majuma ambayo mama anakuja kanisani bila kujua watoto watakula nini jioni. Mvua zikikosekana, kasha la jengo lisubiri, na mtu asione haya kulisubirisha. Bwana wetu mwenyewe aliwaonya wanafunzi waliostaajabia mawe ya hekalu, na Stefano alikufa akishuhudia kwamba Aliye Juu hakai katika nyumba zilizofanywa kwa mikono. Sitaki tuabudu kuta. Lakini niseme nilichokiona: ni mara chache sana jengo la kale kuachwa libomoke kwa sababu fedha zimekwenda kwa wenye njaa. Mara nyingi zimekwenda kwenye msingi wa kanisa jipya kubwa zaidi ya haja yetu, hatua chache kutoka lile la zamani, nalo la zamani likageuzwa ghala la mahema na masufuria. Hapo nasema wazi kwamba tumekosea. Na kuchelewa kuna bei yake. Siku ya Krismasi ya 2020, pale Zanzibar, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa, na lile lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima, lenye matengenezo yanayoendelea. Kanisa la shamba lisilojulikana na wengi lina nani wa kulikimbilia ila wale wanaolisali?

Kwa hiyo nawaomba ninyi wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, na vijana wenye miguu ya kupanda ngazi. Kabla ya masika, mwezi wa pili, izungukeni nyumba ya Bwana pamoja. Tazameni mifereji ya paa, misumari ya mabati, boriti zenye vumbi la mchwa, kichaka cha mtini kilichoota ukutani, mahali ambapo maji ya mvua yanasimama karibu na msingi. Mengi ya hayo yanamalizwa kwa panga, ufagio na siku moja ya kazi ya pamoja, na hayahitaji kibali cha mtu. Fungueni kasha la matengenezo peke yake, lihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, na hesabu isomwe kanisani. Wapelekeni vijana kwa wakongwe waandike majina: nani alichonga mlango ule, nani alikuja hapa akikimbia, nani alizikwa wapi.

Na msiguse ukuta kwa saruji. Ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa ipo hapohapo Rabai, na nyingine ipo Fort Jesus, Mombasa. Nendeni mkabishe hodi kwanza, kabla ya kumwita fundi.